Sauti ya Ukumbini: Albamu za Maonyesho ya Zamani na Muziki wa Bendi katika Nyanda za Juu Kusini

Albamu ya kumbukumbu ya onyesho la hadhara ni mkusanyo wa nyimbo zilizonaswa bendi ikipiga mbele ya watu, kisha tepu zake zikakaa ghalani miaka mingi kabla ya kusafishwa na kutolewa. Inatofautiana na albamu ya studio, ambamo kila ala inaweza kurekodiwa peke yake na kosa likarudiwa mpaka liondoke, kwa kuwa ukumbini wapigaji wote hufuatana kwa wakati mmoja na kilichopigwa hakirudi. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba albamu ya namna hiyo huzaliwa usiku wa onyesho lenyewe, kwa uamuzi wa mtu aliyewasha mtambo na wa mwingine aliyekataa kufuta tepu, na kwamba anayeitoa baada ya miaka arobaini anamalizia tu kazi ya hao wawili.

Mfano ulio wazi unatoka London, lakini una mzizi Unguja. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, aliimba na bendi yake ya roki, Queen, katika ukumbi wa Rainbow mwezi Machi 1974 na kwa mara nyingine mwezi Novemba mwaka huohuo. Maonyesho hayo yalirekodiwa kwa njia nyingi, yaani sauti ya mwimbaji, gitaa, besi na ngoma zikiingia kila moja katika mstari wake wa tepu, jambo linalomwezesha fundi kuja kuzipima upya baadaye. Albamu haikutoka wakati ule. Ilitoka mwaka 2014, Mercury akiwa amefariki tangu 1991. Thamani yake kubwa ni kwamba inamsikilizisha mtu bendi ambayo bado haijatunga wimbo ulioipa umaarufu wa dunia nzima, Bohemian Rhapsody wa mwaka 1975, na kwamba onyesho la Machi na lile la Novemba yakiwekwa pamoja, masikio yenyewe yanapima jinsi vijana wanne walivyokomaa katika miezi minane. Hakuna albamu ya studio inayoweza kutoa ushahidi wa aina hiyo.

Tanzania nayo ilikuwa na bendi za roki. Sunburst ya Dar es Salaam, iliyochanganya roki, soul na midundo ya Kiafrika, ilitoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, ikiwa imevuka kwenda Zambia. Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilikusanya rekodi zake za 1973 hadi 1976, zikiwemo zile zilizofanywa Radio Tanzania. Rekodi za redio ni jamaa wa karibu wa onyesho la hadhara, kwa kuwa bendi ilipiga kwa pamoja na muda ulikuwa mfupi, ila ukumbi haumo: hakuna kelele za wachezaji, wala mwimbaji hawajibu.

Ukumbi huo ndio unaokosekana zaidi Iringa. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha kuchonga almasi cha Tancut kilimiliki bendi, Tancut Almasi Orchestra, iliyokuwa na waimbaji pacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa pamoja na mpiga gitaa John Kitime, na ambayo ilithibitisha kwamba bendi ya mkoani inaweza kusikika nchi nzima bila kuhamia pwani. Inasikika hadi leo kupitia rekodi za studio. Lakini wimbo wa dansi una sehemu mbili, ile ya polepole inayobeba maneno na chemko, yaani sehemu ya kasi ambapo magitaa na tarumbeta huwaachia wachezaji uwanja. Studioni chemko hukatwa ili wimbo utoshe kwenye santuri au kwenye ratiba ya kipindi, ilhali ukumbini hurefushwa kadiri watu wanavyotaka. Anayeihukumu Tancut kwa rekodi za studio pekee anahukumu nusu ya kazi yake, na hilo ni jambo la kusikitisha kwelikweli.

Sababu za pengo hilo zinaeleweka. Mitambo ya kurekodi ilikuwa mikubwa na ilikaa Dar es Salaam, na tepu zilikuwa ghali kiasi kwamba hata shirika tajiri kama BBC lilifuta nyingi katika miaka ya 1960 na 1970 ili zitumike tena. Kilichobaki mikoani, kama kipo, ni kaseti za watu binafsi, zilizorekodiwa kwa redio iliyowekwa karibu na jukwaa. Adui wa tepu ni joto na unyevu, kwa sababu gundi inayoshikilia unga wa sumaku hufyonza maji ikalegea, na kwa hiyo miji iliyo juu ya mita 1,500 kama Mbeya na Iringa ina hewa inayofaa kuhifadhi kuliko pwani, ilimradi masanduku yasiachwe yalowe wakati wa masika. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kina mafundi, na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kina wanahistoria; kazi ya kuzitafuta kaseti hizo inawahitaji wote wawili.

Kazi hiyo inahitaji pia sheria. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, mwenye kaseti anamiliki kaseti tu, na wapigaji wanabaki na haki juu ya onyesho lao. Kila kaseti itakayopokelewa haina budi kuandikiwa tarehe, ukumbi na majina ya waliopiga usiku ule, hadi mpiga tumba na mpuliza tarumbeta wa mstari wa nyuma, kwa kuwa bila majina hayo hakuna wa kuombwa idhini wala wa kulipwa.