KIWANJA, SAA NA MZEE

Hotuba ya Kamati ya Elimu iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Eldoret



Mweka Hazina amemaliza hesabu zake. Sisi wa Kamati ya Elimu hatukuleta hesabu ya fedha. Tumeleta maneno juu ya michezo, nyimbo na kazi za mikono katika shule zetu za msingi hapa Eldoret. Huenda wako miongoni mwetu wanaosema moyoni kwamba hayo ni mambo ya kitoto, hayastahili kuwakalisha wazee kitako. Twawaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kisha mtuhukumu.

Kila mkimbiaji wetu arudipo na medali kutoka ng'ambo, watu hukusanyika katika uwanja wa ndege kumlaki. Mama mzee humwendea na kibuyu cha mursik, naye shujaa hunywa. Picha hiyo sote twaijua. Lakini je, tumewahi kujiuliza kibuyu kile kimetoka wapi? Hakikuokotwa njiani. Mtu alipanda mbegu, akangoja buyu likomae na kukauka, akalikwangua ndani, akalisugua kwa mkaa wa mti wa senetwet ili maziwa yapate ladha na yasiharibike, akalitilia kifuniko na ukanda wa ngozi, akalipamba kwa shanga. Kibuyu kile ni kazi ya mikono. Wimbo uimbwao pale ni kazi ya ulimi. Na mbio zilizoleta medali ni kazi ya miguu. Wazee wa kale hawakuvitenga vitu hivyo vitatu. Mtoto alivipata vyote pamoja, nyumbani na malishoni.

Leo mtoto yuko shuleni tangu asubuhi hadi jioni. Kama hatavipata huko, hatavipata popote. Nasi tumeona kwamba ili avipate, shule yahitaji mambo matatu tu: kiwanja, saa, na mzee. Ruhusuni tuyaseme moja moja.

Kiwanja

Wazee mlio hapa mwakumbuka jinsi Uasin Gishu ilivyokuwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1963. Watoto wa Kizungu walikuwa na viwanja vya kriketi na raga vilivyokatwa majani vizuri. Watoto wa vibarua wa mashambani walicheza mpira wa matambara kando ya mahindi ya bwana, na mnyapara alipotokea walitawanyika. Hivyo kiwanja cha shule, chenye mipaka yake na milingoti yake miwili, si kitu kidogo kwetu. Ni sehemu ya yale tuliyoyapata kwa Uhuru.

Na tumeona matunda yake. Bwana Kipchoge Keino alizaliwa mwaka 1940 huko Kipsamo, Nandi, katika nyanda hizi zetu za juu. Tarehe 20 Oktoba 1968, siku ambayo nchi nzima ilikuwa ikiadhimisha Sikukuu ya Kenyatta, alishinda mbio za mita 1,500 za Olimpiki mjini Mexico City, akimwacha Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa na rekodi ya dunia, umbali wa mita 20 hivi. Mji ule uko juu sana, zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari, nao wageni wengi walitweta kwa hewa nyepesi. Mtu wa kwetu hakuishangaa, kwa maana Eldoret nayo iko kwenye mita 2,100 hivi. Miaka minne baadaye, mjini Munich, akashinda mbio za kuruka viunzi na maji.

Lakini hatumtaji kwa sababu ya medali peke yake. Baadaye yeye na mkewe, Mama Phyllis, waliwachukua watoto yatima wakawalea hapa Eldoret, kisha zikajengwa shule, ya msingi na ya sekondari, zenye jina lake. Mwaka 2016, mjini Rio de Janeiro, alikuwa mtu wa kwanza kabisa kupewa tuzo ya Olimpiki iitwayo Laurel, kwa ajili ya kazi hiyo. Basi wale wasemao kwamba michezo ni adui wa kitabu na wamtazame mzee huyu. Jina alilolipata kwa miguu yake amelitumia kujenga madarasa.

Sasa viwanja vyenyewe vikoje? Tangu elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003 watoto wamekuwa wengi, na madarasa mapya yalihitaji mahali. Hilo twalielewa. Lakini liko jambo jingine ambalo hatuwezi kulielewa. Mwezi Januari mwaka 2015, jijini Nairobi, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi kutoka likizoni wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Walipousukuma ukuta ule wakadai mahali pao pa kuchezea, walirushiwa moshi wa kutoa machozi. Nchi nzima iliona haya. Uwanja ule ulirudishwa kwa sababu watoto walilia mbele ya macho ya watu. Ni viwanja vingapi vilivyokwenda kimyakimya, bila mtoto kulia?

Na hapa, Wazee, yatupasa kusema kweli juu yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliulizwa rai yetu juu ya shule moja ya mjini, ambayo jina lake hatutalitaja, iliyotaka kujenga vibanda vya biashara kando ya kiwanja ili ipate kodi. Tulikubali. Tulisema ni hatua kumi tu. Vibanda vikazaa vibanda. Nyuma yake pakawa njia ya mikokoteni, kisha jaa la takataka. Mwaka huu tulipokwenda, milingoti ya goli ilikuwa mmoja umesimama na mwingine umefanywa nguzo ya kuanikia mitumba. Watoto walikuwa wakiruka kamba katika ukumbi wa vyoo. Hakuna mnyang'anyi tunayeweza kumshitaki. Sisi ndio tuliotia mkono.

Saa

Kiwanja bila saa ni malisho ya mbuzi. Jambo la pili ni wakati.

Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mtoto wa shule ya msingi alifundishwa kuchora, kufinyanga, kusuka na kuimba, naye alitahiniwa katika mambo hayo. Wazazi walinung'unika, nao walikuwa na haki, kwa maana masomo yalikuwa mengi na vifaa vilinunuliwa kwa fedha zao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani wa darasa la nane yalipunguzwa, na sanaa na muziki vikatolewa katika mtihani. Havikutolewa katika ratiba. Lakini kisichotahiniwa hakikufundishwa, na kwa muda wa miaka 20 hivi saa ile iliandikwa ukutani jina moja na kutumiwa kwa kazi nyingine.

Tangu mwaka 2019 umekuja mtaala mpya wa umilisi, na mtihani ule wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Katika mtaala huu sanaa, muziki na mazoezi ya mwili vimo katika masomo, na katika sekondari ya juu ziko njia tatu, moja yake ikiwa ni ya sanaa na michezo. Kwa hiyo mtoto anayechora leo si mvivu. Yuko katika njia iliyochongwa na Serikali.

Hata hivyo, ratiba ni karatasi. Tulizuru shule moja siku ya Jumatano alasiri. Ukutani paliandikwa kwamba kipindi kile ni cha sanaa. Watoto walikuwa wakifanya hesabu za mtihani wa majaribio, vichwa chini, na nje jua lilikuwa zuri. Tulimwuliza mwalimu kwa upole kwa nini iwe hivyo. Naye alitujibu kwa upole vilevile kwamba mwaka uliopita alifundisha kipindi kile kama kilivyoandikwa, na wazazi watatu wakamjia kumwuliza kama wanalipa mtoto aje kuchezea udongo. Wawili kati ya wazazi hao, alisema, ni wanachama wa chama hiki.

Hatukuwa na neno. Tulishukuru, tukaaga.

Yako pia ya mtoto wa kike. Saa yake huliwa mara mbili: shuleni huliwa na hesabu, na nyumbani huliwa na maji na kuni. Mwakumbuka habari za Sabina Chebichi wa Trans-Nzoia, ambaye magazeti yalimpa jina kwa sababu alikimbia mashindano amevaa gaguro, hana nguo za michezo. Msichana yule mwaka 1974, mjini Christchurch, alileta medali ya shaba ya mita 800, ya kwanza kwa mwanamke wa Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Kipaji chake kilipita katika tundu la sindano. Ni wangapi ambao hawakupita?

Mzee

Jambo la tatu ndilo tulilolijia hasa, kwa kuwa haliwezi kununuliwa.

Mashindano ya muziki ya nchi yetu ni ya tangu mwaka 1927, na yale ya michezo ya kuigiza ya shule ni ya tangu mwaka 1959. Kila mwaka shule zetu hujitahidi kupeleka kwaya na ngoma. Lakini mwalimu kijana, aliyezaliwa mjini na kusomea mbali, atautoa wapi wimbo wa mavuno? Huuchukua katika simu, na mara nyingi huuchukua nusu, bila kujua uliimbwa na nani, lini, na kwa nini.

Na wajuzi wako hapa hapa. Katika ukumbi huu wamo akina mama wajuao kusuka kiondo tangu kusokota katani mpaka kushona mkanda. Wako wazee kutoka Kakamega wanaojua isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Wako wajuao kufunga nyuzi nane za nyatiti. Wako akina mama wa kibuyu, ambao tulianza nao. Kila tunapomzika mmoja wao bila kuwa amemfundisha mtoto hata mmoja, tumefunga shule.

Tena Eldoret ni mji wa watu wengi, na tangu Agosti 2024 ni jiji. Mnandi na Mkeiyo, Mluhya na Mkikuyu, Mluo na Mhindi, wote wana watoto katika dawati moja. Hatuwezi kusema hayo bila kukumbuka. Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa kwa moto. Na maelfu walilala katika mahema kwenye Uwanja wa Maonyesho. Mwezi Agosti mwaka huohuo, mjini Beijing, Pamela Jelimo wa Nandi, msichana wa miaka 18, alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya Olimpiki, na Samuel Wanjiru wa Nyahururu akawa Mkenya wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Wengi wetu tulishangilia wote wawili kwa sauti moja, kisha tukatazamana, kwa maana tulikuwa tumeacha kusalimiana.

Hatusemi kwamba mpira au wimbo ungaliuzima moto ule. Moto ule uliwashwa na watu wazima kwa sababu za watu wazima. Twasema tu kwamba mtoto wa Kinandi aliyefundishwa isukuti na mzee wa Kiluhya, na mtoto wa Kikuyu aliyesugua kibuyu na mama wa Kinandi, hawataambiwa kwa urahisi kwamba yule ni mgeni. Watakuwa wanamjua kwa jina, na wamekula jasho moja.

Maombi yetu

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaleta maombi matatu mbele ya mkutano.

Kwanza, chama kiteue watu wanne watakaozunguka shule za msingi za mji, waombe kuonyeshwa hati ya ardhi na bikoni za wapimaji, na waandike hali ya kila kiwanja katika ripoti ya mwakani. Pasipo na ua, tupande ua wa kaiyaba kwa mikono yetu. Na pale tulipokosea, twende kwa wenye vibanda na Bodi ya shule, tuanze mazungumzo ya kurudisha kiwanja. Aliyefunga fundo ndiye ajuaye kulifungua.

Pili, kila mwanachama aliye mzazi aende shuleni aulize juu ya kipindi cha sanaa na michezo kama anavyouliza juu ya alama za hesabu. Na binti arudipo jioni kutoka uwanjani, asikute ndoo inamngoja yeye peke yake, ilhali kaka yake amekaa.

Tatu, wazee na akina mama ishirini wajiandikishe leo, kabla ya chakula, kwenda shuleni alasiri moja kila mwezi, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, kufundisha jambo moja wanalolijua. Hatutawalipa. Tutawapa nauli na chai.

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Daftari liko mezani, mlangoni, na kalamu iko juu yake. Ukurasa wa kwanza bado ni mweupe.

Tumesema yetu. Wazee, neno ni lenu.