Mtanzania aliyezaliwa Kindu

Wakanada wana Fully Completely, albamu ya roki ya bendi ya The Tragically Hip, ya mwaka 1992. Humo mna hoki ya barafuni, mfungwa asiye na hatia, miji midogo ya bara. Wengi kwao huitaja wakiulizwa Ukanada ni nini.

Sisi tukiulizwa, mimi nataja Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, ya mwaka 1989. Ilirekodiwa Uingereza, kwenye studio za Real World za Peter Gabriel, na mwimbaji wake ni mzaliwa wa Kongo, upande wa Kindu, aliyeingia Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy. Hapa Ufipa hilo halimshangazi mtu: Kongo ni ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika, na undugu umevuka maji zamani.

Remmy hakuhangaika na bendera. Aliimba kifo, ufukara na mapenzi, kwa Kiswahili ambacho muuza maharage wa Majengo haombi atafsiriwe. Kwangu utaifa wetu umo humo kuliko kwenye nyimbo za gwaride, ambazo, tusifichane, nyingi zinachosha. Tena hakuwa mtoto mtiifu. Mambo kwa Soksi, wimbo wake wa kuhimiza kondomu, redio ya taifa iliukataa. Watu wakaujua vilevile.

Alifariki Desemba 2010. Sinza, Dar es Salaam, kondakta bado anaita: Kwa Remmy, wa kushuka!