Ulimi wa Mwalimu Mpya

Asubuhi ya leo twataka kusema hasa na ninyi mnaoanza kazi ya ualimu, ingawa wazazi nao wasifunge redio.

Mwaka wa 2003, Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, madarasa yalifurika. Wakaja hata wale waliokaa nyumbani miaka mingi kwa kukosa fedha. Mwaka uliofuata mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, aliingia darasa la kwanza kule Eldoret. Sisi nasi, kabla ya kwenda chuo cha theolojia, tuliajiriwa na kamati ya shule moja ya kijijini kufundisha darasa la sita. Hatukuwa na mafunzo wala ndevu, na viti vya nyuma vilikaliwa na vijana waliotupita kwa kimo.

Kila tulipogeukia ubao, walipiga miluzi. Kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku tangu 2001. Basi tukatafuta kiboko kingine, yaani ulimi. Kijana mmoja alikuwa akisinzia darasani kila siku. Siku moja tukamwita "babu," tukamwuliza kama wajukuu hawajambo. Darasa zima likaangua kicheko, nasi tukadhani tumeshinda.

Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa. Ndipo mwalimu mkuu, mama mtu mzima, alipotuita kando. "Mwalimu," akasema, "unajua mtoto yule huamka saa ngapi?" Kumbe aliamka saa tisa usiku kukama ng'ombe wa watu na kupeleka maziwa barabarani, ili mama yake na wadogo zake wapate chakula.

Jioni ile tulikwenda kwao kwa miguu mizito. Tulimkuta akikata majani ya ng'ombe. Tukamwambia kwamba tumemkosea, na kwa kuwa tulimwaibisha mbele ya wenzake, tutamwomba radhi mbele yao. Hakujibu neno, aliendelea kukata majani. Lakini Jumatatu alikuja. Tukasimama mbele ya darasa tukalikiri kosa letu. Tulitazamia kicheko, kumbe kukawa kimya.

Ndugu zangu, miluzi haikwisha siku ile. Ilitubidi kujifunza jina la kila mtoto, kurudisha madaftari siku tuliyoahidi, na tusipojua jibu, kusema hatujui na kulileta kesho yake. Lakini kabla muhula haujaisha, aliyekuwa akitufutia ubao kila asubuhi, bila kuagizwa, ni kijana yule.

Someni Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 4, mstari wa 12. Timotheo alikuwa kijana, na Paulo hakutaka adharauliwe kwa ujana wake. Lakini hakumfundisha kuwatisha watu. Alimwagiza awe kielelezo, na katika mambo anayoyataja, la kwanza ni usemi.

Mwalimu, leo utaingia darasani. Huenda kuna mmoja uliyemjeruhi kwa maneno. Mtafute kabla kengele ya jioni haijalia. Nawe mzazi, huenda wako yumo nyumbani mwako.

Tuombe. Ee Bwana, Mwalimu wetu, uliyewaosha wanafunzi wako miguu, linda vinywa vyetu, utupe moyo wa kukiri makosa yetu mbele ya wadogo. Amina.