Twendeni Nyumbani kwa Kuambiana

Mwenyekiti wa jumuiya, Katibu, wageni waalikwa, dada na kaka zangu mliotoka London, Leicester, Milton Keynes na kwingineko kuja hapa Reading, karibuni. Na ninyi ndugu zetu wa Kenya, Uganda na Kongo mliokuja kusherehekea nasi Muungano wa Tanzania, karibuni sana, hapa ni kwenu.

Kabla sijasema lolote, naomba tumpigie makofi mzee wetu mlezi, yule pale mbele mwenye kofia ya kiua. Wengi wetu usiku wa kwanza katika nchi hii tulilala sebuleni kwake. Mzee, Mungu akuzidishie umri. Akina mama wa jikoni, mmekesha na masufuria tangu jana, na harufu ya pilau inatuambia kazi imefanyika. Vijana mliopanga viti na kufunga bendera, ahsanteni, tumewaona.

Mwenyekiti ameniomba niseme neno kuhusu safari ya nyumbani. Nimeamua kuzungumzia gari, kwa sababu ninajua mambo yanavyokwenda. Mtu anajinyima mwaka mzima, anapata tiketi ya ndege kwa bei nzuri, halafu akishuka Dar es Salaam gari la kukodi linammalizia akiba yote, na anafika kwa mzazi wake hana hata cha kununulia sukari.

Mimi ni binti wa Misigiri, Wilaya ya Iramba, Mkoa wa Singida. Basi la Mwanza likishapita Dodoma na Singida mjini linafika kwetu njia panda, na anayekwenda Kiomboi anashuka. Nimekulia barabarani pale. Nilipofika nchi hii ilikuwa Januari, na kilichonitesa kuliko baridi ni ukimya. Saa kumi na moja jioni giza limeshatanda, milango ya mtaa mzima imefungwa, hakuna wa kukuita kwa jina. Nilikuwa nakaa dirishani nikiifikiria njia panda yetu saa hiyo: konda anagonga bodi la basi, akina mama wanakimbilia madirishani na mayai ya kuchemsha na kuku wa kienyeji waliofungwa miguu, mtu anaulizia mzigo wake kutoka Dodoma. Nikajiapiza kwamba nikirudi nitampakia mama yangu kwenye gari nimpeleke Kiomboi, asisubiri tena Noah ya abiria mpaka ijae.

Siku hiyo ilifika. Mama alilizunguka gari kwanza, akafuta vumbi la mlangoni kwa pindo la khanga. Kisha akaivua khanga ya mabegani, akaitandika kwenye kiti, ndipo akakaa. Akaniambia, "Gari la watu hili mwanangu, tulirudishe kama tulivyolichukua." Ndugu zangu, kila mmoja wenu ana mama, bibi au shangazi anayestahili kukaa kiti cha mbele. Tusikubali bei ituzuie.

Sasa nisikilizeni, nitakwenda haraka, maana pilau inapoa.

La kwanza. Gari moja, siku ileile, huwa na bei zaidi ya moja. Tovuti za kukodi magari zinakuuliza unaishi nchi gani, na jibu lako linabadilisha kifurushi unachoonyeshwa. Mfano mzuri ni Marekani. Ukienda kumtembelea ndugu yako Houston, yeye mkazi wa kule kwa kawaida ataona bei ya gari tupu, na bima atauziwa pembeni. Wewe mkazi wa Uingereza, ukipitia tovuti ya Uingereza, mara nyingi unapewa bei ambayo ndani yake mna bima ya gari kuharibika na bima ya madhara kwa watu wengine. Hiyo ni nafasi yako, itumie. Lakini taja makazi yako ya kweli. Pale kaunta wanaangalia leseni, na bima iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kukataliwa siku ya ajali.

Kwa hiyo linganisha. Fungua Kayak, Rentalcars, Discover Cars, kisha ingia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, ukurasa wa Uingereza na ukurasa wa nchi unayokwenda. Weka nafasi mapema, ukichagua ile inayokuruhusu kufuta bila gharama. Kila baada ya muda rudi uangalie, na bei ikishuka, futa uweke upya. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa pauni au kwa fedha ya nchi uliyopo, kwa kawaida fedha ya pale ndiyo nafuu. Na kadi iwe na jina la dereva mwenyewe, maana kampuni nyingi hushikilia dhamana kwenye kadi hiyo, na kadi ya mkeo au mumeo inaweza kukataliwa.

La pili, na hili liwekeni moyoni: someni kilomita. Tuchukue umeona bei nzuri ya siku tano Dar es Salaam, na chini kwa maandishi madogo wameandika kilomita 100 kwa siku. Hizo ni kilomita 500. Kutoka Dar hadi Misigiri ni zaidi ya kilomita 700 kwenda tu. Ukirudi umevuka 1,400, na zile 900 za ziada unalipa moja moja. Rahisi imekuwa ghali. Tena uliza kama gari linaruhusiwa kutoka nje ya jiji na kuingia barabara ya vumbi. Uliza pia, likiharibika, wewe unabeba kiasi gani kabla bima haijalipa.

Kwa sisi wa Singida kuna njia nyingine. Tangu Julai 2024 treni ya umeme inabeba abiria kutoka Dar hadi Dodoma. Panda treni, kodi gari Dodoma, na hapo umebakiwa na kama kilomita 300 tu mpaka Misigiri. Tovuti za nje zina magari mengi kwenye viwanja vya ndege vya Dar, Kilimanjaro na Zanzibar, lakini kule mikoa ya ndani hazifiki sana. Basi bei ya tovuti iwe kipimo chako, halafu mpigie mwenye magari wa Dodoma au Singida mkapatane. Mgeni njoo mwenyeji apone. Tangu mwishoni mwa Machi 2025 kanuni zinakataza bidhaa na huduma za ndani ya Tanzania kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo mtu wa kule akikutajia dola, mwombe bei ya shilingi.

Ukilifuata gari, tazama namba. Gari la biashara Tanzania lina namba nyeupe, la mtu binafsi lina namba ya njano. Ukikodishwa la namba ya njano, simama uulize maswali, maana bima yake huenda haikukatwa kwa kazi hiyo. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari, ujue ni bima kubwa au bima ndogo. Hakikisha hakuna faini za trafiki zinazodaiwa kwenye namba hiyo, na wewe usimwongezee mwenzako nyingine. Mwendo wa mwisho kijijini ni kilomita 50 kwa saa, na tochi za trafiki za kupima mwendo zipo. Piga video gari zima, kila mkwaruzo, pamoja na geji ya mafuta. Chukua leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka. Anayevuka Misigiri kwenda Nzega, mlima Sekenke ashuke kwa gia nzito. Ndugu zetu mnaokodi Nairobi na kuvuka mpaka, takeni ruhusa ya maandishi ya mwenye gari na Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mpaka.

Wazee wangu, sasa naomba ruhusa niseme jambo linaloniuma.

Haya yote niliyoyasema yamo humu ukumbini. Nimeyakusanya kwenu. Mmoja ameumizwa na kilomita, mwingine dhamana yake ilikaa wiki nyingi, mwingine anajua tovuti nzuri tangu zamani. Lakini nani alimwambia nani? Kijana mmoja wa hapahapa alirudi Desemba iliyopita amekatwa fedha ambazo hakuzitegemea, na jirani yake mlango wa pili alikuwa amekutwa na jambo lilelile mwaka uliotangulia. Jirani alinyamaza kwa aibu, na kijana akaumia.

Tunasherehekea Muungano wa mwaka 1964, nchi mbili zilizokubali kuwa moja, na sisi mji mmoja tuna makundi ya WhatsApp ya watu wa kanda hii na watu wa kanda ile, waliofika zamani na waliofika juzi. Familia tatu zinakwenda Singida wiki moja, kila moja na gari lake lenye viti vitupu, kwa sababu hawasalimiani tangu uchaguzi wa viongozi wa jumuiya. Ndugu zangu, hapana! Wazee wetu Iramba walilima kwa kualikana, shamba la mmoja leo, la mwingine kesho, na hakuna aliyeulizwa alimchagua nani. Sisi tuliovuka bahari tutashindwaje kushirikiana gari?

Tuamke! Anayejua amfundishe asiyejua. Kijana mwenye kompyuta amsaidie mzee kusoma masharti, mzee amfundishe kijana njia na watu wa kule. Aliyeumia aseme bila aibu, ili mwenzake asiumie. Tukienda wengi tutakodi pamoja, tutapatana bei pamoja, na tajiri wa magari atatuheshimu kwa sababu anajua tukiridhika tutamletea wengine. Umoja ni nguvu, na nguvu hiyo ianze usiku huu.

Katibu amefungua daftari pale mezani. Kila anayekusudia kwenda nyumbani Desemba, kabla hajachukua sahani, aandike jina lake, mkoa anaokwenda na tarehe. Jumapili ijayo tutakaa tuone nani anaelekea njia moja na nani. Mzee wetu mlezi, tafadhali tuongoze, jina la kwanza liwe lako.