Nani Aliyeandika Siku Ile ya Sange?

Leo tuzungumze juu ya neno linalosemwa karibu katika kila kilio: «Siku yake ilikuwa imefika.»

Chukueni Sange. Tarehe 2 Julai 2010, kamyo ya mafuta ilipinduka pale mjini. Watu wakaja na bidoni na ndoo kuchota, kisha moto ukawaka. Wengine hawakugusa hata tone: walikuwa ndani ya nyumba ya sinema wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Wakafa watu zaidi ya 230, wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja.

Sasa wewe unayesoma, utasemaje? Kama siku zao ziliandikwa, mbona zote ziliandikwa kando ya tangi moja? Na kama ni tamaa iliyowaua, yule aliyekuwa akitazama mpira alitamani nini?

Mwingereza Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937, alieleza fikra za Wazande, kabila ambalo tunalo pia kaskazini mwa Kongo yetu. Ghala la nafaka likiangukia watu waliokaa chini yake, Mzande anajua vizuri kwamba mchwa walikula nguzo. Anajua pia kwamba watu walifuata kivuli. Analouliza ni hili: mbona lilianguka saa ile, juu ya hawa? Anajibu: uchawi.

Msiwacheke. Swali lao ndilo letu kilioni. Hatari iko katika jibu, maana jibu hilo linatafuta mtu, na mara nyingi linampata bibi mzee asiye na wa kumtetea. Mwezi wa Septemba 2021, wanawake kadhaa wa Kabare, Kalehe na Walungu waliuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine, badala ya mchawi, hutafuta kabila la jirani. Ni mlango uleule.

Wayunani wa kale walisimulia kwamba mtumwa wa mwanafalsafa Zeno alishikwa akiiba, akajitetea kwamba alipangiwa kuiba. Bwana wake akamjibu: «Na kupigwa pia.» (Bwana mkali, lakini hoja yake inasimama.) Aliyerusha jiwe hawezi kumtupia Mungu jiwe lake.

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulisomba nyumba na daraja hapa Uvira. Mvua haikuwa yetu. Lakini miti ya milima iliyo juu ya mji ilikatwa na watu, na kando ya mito walijenga watu. Hao ndio mchwa wetu, nao wanaonekana mchana.

Basi kilioni, mtu akianza kunong'ona jina la jirani, mwombeni akae kwanza, aeleze nguzo ilikuwaje kabla ya kuanguka. Na kwenye kikao cha mtaa, ulizeni ni nyumba ngapi zimerudi kujengwa palepale mto ulipopita.