Mwendo Una Upande: Hesabu ya Njia ya Korogwe na Handeni

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba niseme machache juu ya somo la fizikia. Nimechagua sura ambayo wanafunzi wengi huipita upesi wakidhani ni nyepesi, nayo ni ile ya mwendokasi na velositi. Nitaieleza kwa njia tunayoijua sote, ile ya Korogwe hadi Handeni.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita 65. Tuseme basi limeondoka Korogwe saa 2:00 asubuhi, likashusha abiria Sindeni, likafika Handeni saa 3:15. Mwendokasi wa wastani ni umbali wote kugawanya kwa muda wote. Hapa wengi huandika muda kuwa 1.15. Angalieni sana! Dakika 15 ni robo saa, kwa hiyo muda ni saa 1.25. Gawanya 65 kwa 1.25, utapata kilomita 52 kwa saa. Lakini wastani huficha mambo. Basi hilo lilisimama kabisa Sindeni, na penginepo mshale wa dereva ulifika 80. Wastani hauwezi kukuambia hayo.

Sasa velositi. Hii haitaki urefu wa kona zote za barabara. Inataka umbali ulionyooka kutoka ulipoanza hadi ulipofika, pamoja na upande ulioelekea. Wekeni rula kwenye ramani: Handeni iko kusini-magharibi ya Korogwe, na mstari ulionyooka ni mfupi kuliko barabara. Kwa hesabu yetu tuuchukue kuwa kilomita 55. Gawanya kwa 1.25: velositi ya wastani ni kilomita 44 kwa saa kuelekea kusini-magharibi. Ukiacha kutaja upande, jibu lako halijatimia.

Basi hilo likirudi Korogwe kwa muda ule ule, litakuwa limekwenda kilomita 130 kwa saa 2.5. Mwendokasi wa wastani bado ni 52. Velositi ya wastani je? Ni sifuri, maana limerudi pale pale lilipoanzia. Wanafunzi hucheka wakisikia hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Ndugu zangu, mtu anaweza kuuliza: upande una faida gani nje ya chumba cha mtihani? Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, katika eneo la Magila Gereza wilayani Korogwe, lori liligongana na basi dogo lililochukua maiti na waombolezaji waliotoka Dar es Salaam. Watu wasiopungua 17 walikufa. Simhukumu dereva yeyote hapa. Nalitaja jambo hili ili tujue kwamba hesabu ninayoifuata si ya ubaoni tu.

Basi linakwenda kilomita 80 kwa saa, nalo linataka kulipita lori linalokwenda 60. Yote mawili yanaelekea upande mmoja, kwa hiyo tunatoa: 80 kutoa 60 ni 20. Kilomita 20 kwa saa ni kama mita 5.6 kwa sekunde. Ili litoke nyuma ya lori na kurudi salama mbele yake, tuseme basi linahitaji kulizidi lori kwa mita 40. Litatumia sekunde 7.2, na katika muda huo litakuwa limekwenda mita 160. Gari linalotoka mbele kwa 80 nalo litakuwa limekwenda mita 160. Hao wanaelekeana, kwa hiyo tunajumlisha: wanasogeleana kwa kilomita 160 kwa saa, na zinahitajika mita 320 za barabara iliyo wazi. Dereva anayeona mita 200 tu kabla ya kilima, hana nafasi. Alama ya kujumlisha au kutoa, ambayo mwanafunzi huiona kama pambo, hapo ni uhai wa watu.

Na faida ya kukimbia ni nini? Kilomita 65 kwa mwendo wa 80 ni dakika 49 hivi. Kwa mwendo wa 100 ni dakika 39. Mtu anahatarisha abiria wote kwa ajili ya dakika 10. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imewawekea mabasi na malori makubwa kikomo cha 80, na 50 penye makazi ya watu. Nyuma ya kikomo ipo hesabu kama hii.

Wanafunzi, nawaachia kazi moja. Mkipanda basi kwenda likizo, hesabuni muda kati ya nguzo mbili za kilomita. Gawanyeni 3,600 kwa sekunde mlizopata, mtaujua mwendo wa basi. Sekunde 45 ni 80 kamili. Zikipungua hapo, mwambieni dereva kwa adabu, lakini mwambieni.