Hesabu ya Shilingi ya Mtoto



Ukitaka kujua yanayotendeka katika shule ya msingi, usianzie ofisini kwa mwalimu mkuu. Simama kwenye ubao wa matangazo, ule ulio barazani karibu na kengele. Hapo utasoma kwamba timu ya mpira wa pete imeshateuliwa kwa ajili ya UMITASHUMTA, kwamba zamu ya kumwagilia bustani juma hili ni ya darasa la tano, kwamba kwaya itafanya mazoezi baada ya vipindi, na kwamba aliyepoteza sweta akaulize kwa mwalimu wa zamu. Na mara kwa mara utakuta tangazo la namna nyingine: wanafunzi wote wanaombwa kuleta mchango kwa ajili ya wenzetu waliopatwa na maafa, au kwa ajili ya kituo cha watoto yatima. Mwisho ni Ijumaa.

Tangazo hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Silipingi hata kidogo. Mtoto anayemkatia mwenzake nusu ya muhogo wake wakati wa mapumziko ameshaanza kuwa mtu, na shule inafanya vema kuikuza tabia hiyo. Ninalouliza mimi ni hili: tangazo la pili liko wapi? Lile la kusema zimepatikana kiasi gani, zimepelekwa na nani, na zimenunua nini? Katika shule ninazopita, matangazo ya kuleta fedha nimeyasoma mengi. Ya kuleta hesabu naweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vikabaki.

Tuangalie kwanza jinsi fedha zenyewe zinavyokusanywa. Mwalimu wa darasa anampa kiranja daftari. Kiranja anaandika majina ya wote na kuweka alama ya vema mbele ya kila aliyeleta. Siku ya Alhamisi anayasoma majina ya ambao hawajaleta, na mahali pengine husomwa mstarini mbele ya shule nzima. Ukimwuliza mwalimu, atakujibu kwamba mchango ni wa hiari. Hiari gani hiyo, ndugu zangu, yenye orodha ya majina? Shilingi mia tano kwako ni nauli. Kwa mama anayekaanga vitumbua barabarani, mia tano ya asubuhi ni sehemu ya mtaji wa siku. Mtoto wa mama huyo anaijua hali ya nyumbani kwao kuliko mwalimu, kwa hiyo haombi. Ijumaa inapofika anaumwa tumbo. Mwalimu anamwandika mtoro, na wala hajui kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfukuza.

Serikali imewahi kuliona jambo la michango. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016. Januari 2018 Rais John Magufuli akapiga marufuku walimu kukusanya michango mashuleni, na mzazi mwenye nia ya kuchangia akaelekezwa kwa mkurugenzi wa halmashauri. Agizo lile lilikuwa na sababu zake. Michango ilikuwa imezidi: ya mlinzi, ya dawati, ya mtihani wa majaribio, ya rimu ya karatasi, hata ya ufagio wa chelewa. Lakini bahasha ya kuwasaidia wenye shida ilipita katikati ya vidole, maana ilisemekana si mchango wa shule, ni upendo wa watoto wenyewe. Nani angethubutu kuupiga marufuku upendo wa watoto?

Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hawakusema kutoa ni daftari la kiranja. Daftari lina mahali pake, na wazee hao hao walipataja: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeyageuza mambo. Fedha zinapoingia tunaandika hadi jina la asiyeleta. Zinapotoka hatuandiki kitu.

Ugonjwa huu si wa jana. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na shule zikaanza kuwa na mashamba. Watu wengi wanakumbuka majembe tu. Lakini katika andiko lile Mwalimu alitaka pia wanafunzi wayaone matunda ya kazi yao, na washiriki katika kuamua yatumiweje. Sehemu ya jembe ilitekelezwa kwa bidii sana. Sehemu ya kuamua ilisahauliwa mapema. Katika shule niliyosoma mimi tulilima pamba, tukaichuma, tukaibeba kichwani hadi chamani. Mwaka mmoja tuliambiwa kwamba mapato yatanunua mpira wa ngozi. Tuliendelea kupiga mpira wa matambara mpaka tukamaliza darasa la saba. Huenda fedha zile zilikwenda mahali pema, pengine zilinunua chaki na mabati. Hakuna aliyetuambia, na hakuna mtoto aliyekuwa na mdomo wa kuuliza.

Watoto wale ndio sisi. Leo ukiitwa mkutano wa kijiji wa kuchangia zahanati, swali la kwanza linalonong'onwa kwenye viti vya nyuma ni nani atazila. Tunajilaumu kwamba Watanzania hatuaminiani. Kutoaminiana huko hatukuzaliwa nako, tulifundishwa tukiwa tumevaa kaptula.

Tetemeko la ardhi lilipoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016, kwa kipimo cha 5.9, na kuua watu zaidi ya 15, nchi nzima ilitoa. Kabla mwezi ule haujaisha, maofisa wawili wa serikali mkoani humo wakaondolewa kwenye vyeo vyao kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine ya benki yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Baadaye ukazuka ubishi mwingine: je, fedha zilizochangwa ziwajengee watu nyumba zao, au zitengeneze shule, zahanati na barabara? Sitaki kuuamua ubishi huo leo. Nataka tu ukumbuke ulivyojisikia wewe uliyetoa elfu kumi yako, halafu ukazisikia habari hizo redioni. Mtoto naye husikia. Na maporomoko ya tope yaliposhuka kutoka mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua zaidi ya watu 80 katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, ilibidi tumwombe mtoto huyo huyo, ambaye sasa amekua, atoe tena.

Sasa nitoe mfano wa mbali kidogo, ingawa mwisho wake ni jikoni kwa jirani zetu wa Malawi. Mwaka 2012, katika mji mdogo wa Lochgilphead huko Scotland, msichana wa shule ya msingi mwenye umri wa miaka 9, Martha Payne, alianza kuandika kwenye mtandao habari za chakula cha mchana cha shuleni kwake. Alipiga picha ya sinia, akatoa alama chini ya kumi, akahesabu ametia mdomoni mara ngapi, na akaandika hata idadi ya nywele zilizokutwa ndani ya chakula. Watu wakaanza kumsoma. Akaona autumie usomaji huo kuchangisha fedha kwa ajili ya Mary's Meals, shirika lililoanzia upande huo huo wa Scotland, ambalo huwapa uji watoto mashuleni. Lengo lake lilikuwa pauni 7,000, za kujenga jiko moja.

Mwezi Juni wakubwa wa halmashauri wakamkataza kupiga picha. Mimi siwashangai. Hebu mfikirie mwalimu mkuu wa hapa kwetu akiletewa habari kwamba mtoto wa darasa la nne anaandika idadi ya wadudu waliomo katika makande ya shule! Lakini kelele zilikuwa kubwa, na kesho yake marufuku ikaondolewa. Katika siku chache zile michango ikapita pauni 100,000. Jiko likajengwa katika Shule ya Msingi Lirangwe, karibu na Blantyre, na mwaka huo huo msichana akasafiri na familia yake kwenda kuliona.

Ukubwa wa fedha zile haunihusu sana, maana zililetwa na kelele. Ninachokipenda ni kwamba mtoto huyu hakutumwa na bahasha. Alikuwa na kazi yake, aliifanya kwa ukweli, na kazi ndiyo iliyoleta fedha. Alijua tangu mwanzo kwamba fedha hizo ni jiko, wala si "msaada" tu, neno ambalo halina mlango wala dirisha. Kisha akaliona jiko kwa macho yake. Najua hatuwezi kumpeleka kila mtoto wa Mbagala akaone Katesh. Lakini barua inaweza kwenda, na jibu likarudi likabandikwa ubaoni.

Kuna jambo jingine ambalo mfano huo haulisemi, na kwangu mimi ndilo zito kupita yote. Wale tunaowapelekea wanaona nini? Kila mahali utazikuta picha zile: wanafunzi wamesimama upande huu na sabuni, mchele na madaftari, watoto wa kituo wamesimama upande ule, mgeni rasmi yuko katikati, na kamera inangojewa. Watoto wa kituo wameimba wimbo wa kukaribisha. Wote wana umri mmoja. Na mara nyingi watoto wa kituo wanasoma shule ile ile iliyokuja kuwapa. Jumatatu watakaa dawati moja, mmoja akiwa mtoaji na mwingine mpokea sabuni, na darasa zima linajua. Ukiwatazama usoni katika picha hizo, utaona kwamba wanaotabasamu ni watu wazima.

Ningekuwa na sauti katika kamati ya shule, ningeomba bahasha ipumzike na bustani ifanye kazi. Mchicha hukomaa kwa majuma matatu au manne. Kila mtoto anaweza kumwagilia, awe wa mama wa vitumbua, wa meneja, au wa kituo cha yatima. Fungu la mchicha likiuzwa kwa majirani wa shule halina jina la aliyelilima, na hakuna atakayeumwa tumbo siku ya Ijumaa. Pale ambapo bustani haiwezekani, na shule za mjini zisizo na hata kipande cha ardhi ni nyingi, basi liwekwe sanduku lenye tundu, mlangoni, na kila mmoja atumbukize alichonacho au apite tu. Fedha zihesabiwe na wanafunzi wawili wa darasa la sita mbele ya mwalimu, na jumla iandikwe ubaoni siku hiyo hiyo. Zikishapelekwa, iandikwe tena: sabuni kiasi hiki, mchele kiasi hiki, nauli ya daladala ya kupeleka kiasi hiki, na stakabadhi ibandikwe pembeni. Hata nauli! Mtoto akijua kwamba kupeleka msaada nako kunagharimu, amejifunza jambo ambalo mashirika mengine hayapendi kulisema.

Walimu wataniambia kwamba wana watoto mia katika darasa moja na hawana muda wa hesabu za mchicha. Nawasikia, na sisemi kwa kejeli, maana mzigo wao naujua. Lakini kazi hiyo si ya mwalimu, ni ya watoto. Zamani shule zetu zilikuwa na gazeti la ukutani, karatasi kubwa iliyoandikwa kwa mkono, yenye habari za mechi, vitendawili, na mara nyingine kijembe kwa mpishi. Lirudishwe, na hesabu ya msaada ipewe safu yake. Wengine wataniambia kwamba watoto wakizoea kusoma hesabu ya mchicha, kesho watauliza na hesabu ya mahindi ya uji. Naam, watauliza.

Nasi wazazi tusijifanye wageni katika jambo hili. Tunachomoa noti mfukoni asubuhi, tunampa mtoto ili atuache tumalize chai, na jioni hatuulizi. Mwulize mtoto wako usiku huu mchango wa mwisho aliopeleka ulikuwa wa nini, na ulifika wapi. Asipojua, usimgombeze, na usiende shuleni ukitoa macho. Mwamkie mwalimu, kisha muulize kwa upole kama unavyouliza matokeo ya mtihani.

Mtaani kwetu kikao cha wazazi ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, chini ya mwembe wa shule. Ajenda iliyotangazwa ni choo cha wasichana na mahafali ya darasa la saba. Nimeshamwomba katibu aongeze ya tatu, naye ameniambia ataiweka kwenye mengineyo.

Hadi juma lijalo, nawatakieni usiku mwema.